Taa ya Okidi ya Marehemu

Mke wangu alikuwa akifua nguo za watu. Miaka thelathini. Kitu chake mwenyewe kilikuwa kimoja tu: ua la okidi kwenye chungu, alilopewa na mteja likiwa limenyauka. Akalifufua.

Mimi ni fundi cherehani. Kusoma sikujaliwa, wala yeye. Alikata uzi wa kijani kwenye reeli yangu, akaufunga shingoni mwa chungu. "Majani yawe rangi hii," alisema. "Yakikoza, yamekosa mwanga. Yakipauka, yanaungua."

Alipofariki, binti yetu akanihamishia kwake. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta. Majani yakaanza kukoza. Nikaona na hili linanitoka.

Mkwe wangu akaleta taa ya zambarau, eti ya mimea, sanduku limeandikwa. Sikubisha. Nguvu za kubisha sinazo siku hizi. Mdogo wa marehemu alipochungulia, akacheka.

"Shemeji, umefungua baa? Niletee soda!"

"Subiri. Mhudumu kafiwa."

Chini ya taa ile, jani na uzi vyote vilikuwa vyeusi. Mteja akitilia shaka rangi ya kitambaa, huwa nampeleka mlangoni akaione juani. Sijui kwa nini sikufanya hivyo mapema. Wiki ya tatu ndipo nilipobeba chungu hadi mlangoni. Majani mawili yamepauka, moja lina baka la kuungua. Nilikuwa naliua huku nalitazama.

Nikaufungua uzi, nikaenda nao duka la taa.

"Baba, unataka wati ngapi?" muuzaji akauliza.

"Wati sizijui. Washa moja moja."

Nikaweka uzi chini ya kila taa. Moja iliutia unjano, nyingine ubuluu.

"Mzee, umekuja kununua taa au kushona?" mteja mmoja akanichokoza.

"Taa inayodanganya uzi itadanganya na jani."

Ya nne, nyeupe, ndefu. Uzi ukabaki uzi. Nikanunua.

Niliitundika juu, nikaipandisha hadi mkono ulioko kwenye majani usihisi joto. Asubuhi nawasha, jioni nazima. Kuna siku nanyanyuka kitandani kwa ajili ya hiyo tu.

Juzi shemeji kauliza litachanua lini.

"Sijui. Limetoa jani, dogo kama ukucha."

"Jani tu?"

"Jani tu, shemeji. Limenitosha."