Mizigo Iachwe Mlangoni

Yule mtu simpendi mpaka leo, na sitayapaka maneno sukari kwa sababu tu miaka imepita. Alikuwa msimamizi wa jumba dogo la makumbusho pale Ujiji, lenye vyumba viwili na kibaraza. Nilipokutana naye nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka upande wa Kongo pamoja na mama na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Vita vilikuwa vimetutoa kwetu. Wengi tuliovuka nao walipelekwa makambini, lakini sisi tulipokewa mwaloni, pale boti zinapofikia, na shangazi, dada wa baba, aliyeolewa Ujiji zamani katika ukoo uliotoka Kongo enzi za mababu. Alituingiza nyumbani kwake, akamwambia mwalimu mkuu kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake. Hakudanganya. Ila hakusema tumefika lini.

Siku moja mwalimu alitupeleka kutazama makumbusho. Msimamizi alitupokea kibarazani, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Ukutani palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeusi: MASHARTI KWA WAGENI. Akauliza, "Nani hapa ni mgeni?"

Kusema kweli sote tulikuwa wageni, maana hakuna aliyewahi kuingia mle. Lakini darasa zima lilinigeukia mimi. Wengine walinyoosha vidole.

"Njoo usome," akaniambia. "Masharti ni ya kwako."

Nikasoma. Kiswahili cha kwetu kina vokali zake, na pale palipoandikwa "Mtu haruhusiwi kugusa kitu chochote" mimi nilisema "Mutu". Darasa likaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilipofika "Mizigo yote iachwe mlangoni chini ya uangalizi wa msimamizi", nikasema "mulangoni", na mwalimu wangu akageuka pembeni kuficha meno.

Kisha msimamizi akaniamuru nitembee mle ndani mikono ikiwa nyuma. Mimi peke yangu. Wenzangu walipiga ngoma, walivaa bangili za shaba, walichungulia ndani ya vyungu. Katika kuchungulia huko chungu kimoja kikamegeka mdomo. Nilikisikia kikilia nikiwa upande wa pili wa chumba, vidole vyangu vimefungana mgongoni. Msimamizi alikuja mbio, akaangalia kipande kilichokuwa sakafuni, akaangalia watoto, halafu akanishika sikio mimi.

"Mwalimu," nilisema, "mimi mikono yangu ilikuwa nyuma."

Mwalimu aliona. Alisema, "Twendeni, mstari."

Kesho yake mama aliitwa. Msimamizi hakutaka maelezo. Alimwambia mama atafagia uwanja wa makumbusho kila asubuhi mpaka yeye aseme basi, na asipokuja, wale wanaokusanya wakimbizi wanaoishi mjini kinyemela wataonyeshwa nyumba ya shangazi. Mama alipiga magoti, akamshukuru. Nilikuwepo, nikasikia akisema, "Aksanti, baba." Neno lile lilinichoma kuliko sikio lililovutwa.

Akafagia masika yote, mdogo wangu akiwa mgongoni. Wakati mwingine nilipita kwenda shule nikamwona ameinama na fagio la njukuti za michikichi, na yule mtu ameketi kibarazani anakunywa chai na kumwonyesha kwa mguu mahali palipobaki jani. Mama alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo," na asubuhi nyingi hakujibiwa. Nilianza kumwombea yule mtu mabaya. Nilimwombea upofu, nilimwombea mamba, nilimwombea radi ya Kigoma ambayo haikosi mti. Shangazi alinisikia siku moja, akanikanya. "Mungu si mtumwa wako," akasema. "Na anachelewa."

Kilichomgeuza mama ni mvua. Mdogo wangu alikuwa na homa na kikohozi siku hiyo. Mvua ikaanguka ghafla mama akiwa katikati ya uwanja. Alikimbilia kibarazani ajikinge. Msimamizi akasimama mlangoni.

"Kibaraza ni cha wageni," akamwambia.

"Baba, siye tuko wageni."

"Wewe ni mfagiaji."

Mama akaomba basi apokelewe mtoto tu, aingizwe ndani mpaka mvua ipite. Yule mtu akamwangalia mtoto pale mgongoni, akacheka kidogo. "Mzigo hauingii ndani. Umesahau kibao?"

Mama alirudi nyumbani analowa, kanga imemgandia. Mdogo wangu aliugua sana, kifua kikawa kinapiga filimbi, tukadhani tunamzika. Alipona. Lakini katika siku zile za kumkanda mama hakulia hata mara moja, akanena na shangazi jambo moja tu: "Ameita mutoto wangu muzigo."

Shangazi alikuwa anauza dagaa na mawese, na wanawake wote wa mwaloni walimjua. Yeye alizaa Ujiji, wakwe zake wamezikwa Ujiji. Hakuna wa kumpandisha lori la kambini. Siku chache baadaye mama alikuja na habari: msimamizi amemwagiza apake mawe ya uwanjani chokaa, kwa kuwa Jumamosi mkubwa wake wa kazi anakuja pamoja na wageni wa heshima. Jumamosi ndiyo siku ambayo yeyote aliruhusiwa kuingia bila kiingilio. Shangazi akaniita.

"Lile sharti la mizigo linasemaje? Lote."

Nikamwambia. Nilikuwa nalijua kwa moyo. Akaniambia nilirudie, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumamosi mama alifagia mapema, mawe yakang'aa. Kisha wakaanza kuja. Walikuja kwa mstari kutoka mwaloni, wanawake wa shangazi, Waislamu kwa Wakristo, wenyeji kwa waliovuka juzi. Mmoja alikuwa ametoka Mwamgongo kwa boti alfajiri ile na beseni la dagaa wabichi linalochuruzika. Mwingine alikuwa na samaki aina ya migebuka, mwingine gunia la mkaa, mwingine dumu la mawese lisilofunga vizuri. Mama mmoja wa Gungu alileta kikapu cha mihogo iliyovundikwa, na kila aliyewahi kupita karibu na mihogo iliyovundikwa anajua nasema nini. Kulikuwa na jogoo pia, amefungwa miguu.

"Shikamoo, bwana msimamizi," akasema wa kwanza, akatua beseni mlangoni. "Tumekuja kutembea. Mzigo wangu huu, uutunze."

"Shikamoo, bwana. Na wangu."

Alidhani ni mchezo. Kibaraza kilipoanza kujaa na maji ya samaki kutiririka kuelekea viatu vyake, akapiga kelele, "Ondoeni uchafu huu!"

Shangazi akanivuta mbele. "Msomee bwana kibao, mwanangu. Huenda amesahau."

Nikasoma kwa sauti yangu yote. "Mizigo yote iachwe mulangoni chini ya uangalizi wa musimamizi." Niliziweka zile vokali kwa makusudi, moja moja, huku nikimtazama machoni.

"Masharti ni kwa wageni!" akasema. "Ninyi si wageni!"

Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi, fagio mkononi, mdogo wangu mgongoni. "Siye hatuko wageni?" akauliza taratibu. "Basi tuko wenyeji. Mumesikia wote? Bwana amesema tuko wenyeji."

Wanawake wakashangilia kwa vigelegele, kisha wakanyamaza ghafla, kwa kuwa kibao kilikataza kelele. Wakavua kandambili, wakaingia ndani na mikono yao mgongoni. Walitembea polepole sana. Hawakugusa kitu. Walisimama mbele ya kila chungu na kila mkuki kama watu waliokuja kusali, na bibi mmoja alipoona mgono wa kuvulia samaki umetundikwa ukutani mabega yake yalitikisika kwa kicheko asichokitoa. Nje jua lilipanda. Nzi walifika. Msimamizi aliogopa kuondoka mlangoni asije akaambiwa kitu kimepotea, akabaki anapunga daftari lake juu ya migebuka ya watu.

Hivyo ndivyo mkubwa wake alivyomkuta. Gari lilisimama, wageni wa heshima wakashuka, mmoja akaziba pua kwa leso. Jogoo alikuwa amejinasua kwenye kamba, amepanda juu ya meza ya msimamizi.

"Hiki ni kitu gani?" mkubwa akauliza.

"Ni hawa wakimbizi, mheshimiwa, wamekuja kunivurugia."

Shangazi akatoka, mikono bado mgongoni. "Mheshimiwa, mimi si mkimbizi, na masharti tumeyafuata. Tumeambiwa mizigo iachwe kwake. Msimamizi wenu anajua sana kupambanua mizigo. Mwulize alimwambiaje huyu mama wakati wa mvua."

Mama akapanda ngazi. Alifungua kanga, akamshusha mdogo wangu, akamweka mikononi mwa yule mtu kabla hajajua la kufanya. "Na uyu muzigo wangu," akasema, "nilisahau kuuacha siku ile." Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kufunga mikono mgongoni kama wenzake.

Yule mtu alimshika mtoto kama aliyeshikishwa chungu cha moto. Mtoto akaanza kulia, akamkamata kola. Mkubwa akaniuliza mimi, pengine kwa kuwa nilikuwa mtoto, ni mvua gani hiyo inayosemwa. Nikamweleza yote, chungu, fagio, mvua, kikohozi. Sikupunguza. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa raha ambayo sijaipata tena hata siku ya harusi yangu.

Mkubwa hakusema mengi mbele ya wageni wake. Alimwambia arudishe mtoto, na mizigo yote aibebe yeye mwenyewe mpaka barabarani. Akaibeba. Beseni kwa beseni, maji ya dagaa yakimwingia kifuani kwenye shati lile la pasi. Wanawake walijipanga pande zote mbili za njia wakimtazama. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyegusa kitu.

Tuliila raha ile siku chache. Halafu lori likaja mtaani kwetu asubuhi, na watu wa kukusanya wakimbizi, na kwenye kona alisimama yeye, akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya shangazi. Shangazi alipigana nao kwa maneno mpaka sauti ikamkauka. Sisi tulipandishwa. Mama hakumwomba mtu. Lori lilipompita yule mtu, mama alijiinua ili amwone vizuri, akamwita kwa sauti kubwa, "Bwana msimamizi! Dagaa walikuwa watamu?" Watu waliokuwa mle ndani ya lori wakataka kujua habari yake, na hivyo tulikwenda mpaka kambini mama akisimulia, nami nikijazia alipoacha.

Kambini tulikaa mpaka nikawa mtu mzima. Palikuwa na vumbi, foleni, na turubai linalovuja. Watu wameniuliza kama mama alijuta, kwamba asubuhi moja ya kumkomoa mtu ilitupotezea Ujiji. Hakujuta. Mimi usiku wa mvua, turubai likilia, kuna nyakati nilijuta kidogo, kisha nikamkumbuka mdogo wangu akipiga filimbi kifuani na majuto yakaondoka.

Shangazi alikuja kututembelea miaka kadhaa baadaye, amebeba dagaa wakavu. Mama alikuwa anachambua maharage. Shangazi akatwambia kwamba yule mtu aliondolewa makumbusho zamani, sasa analinda ghala moja kule bandarini Kigoma, hana hata kibanda, anakaa nje juani.

Mama akainua kichwa. "Jua la asubuhi ao la jioni?"

"La jioni," shangazi akasema. "Mlango unatazama ziwa. Linampiga usoni mpaka linazama."

"Muzuri," mama akasema, akatupa punje mbovu, akachota maharage mengine.