Sarafu ya Mama Iliyokosa Ngozi

Mama aliipata sarafu ile Kalemela, alipopeleka viazi kwa wavuvi. Ilikuwa ya shilingi mia tano, lakini upande mmoja nusu yake ilikuwa nyeusi, na kila mwenye duka aliikataa. Akanitunzia mpaka nilipopita nyumbani Mkula. Niliacha shule kidato cha pili na tangu hapo sijatulia mahali, ila swali likinishika siliachi.

Niliipiga picha, nikamwachia mama kwa sababu mimi hupoteza vitu, nikarudi Bariadi kusoma kwenye simu. Kumbe sarafu hizi si nikeli tupu. Bati la chuma hukatwa visahani, visahani hutumbukizwa kwenye maji ya dawa yanayopitishwa umeme, na nikeli huganda juu yake kama ngozi. Ndipo hupigwa chapa. Ya mama ilikosa ngozi kabla ya chapa, kwani hata penye weusi mistari ya picha ilisimama kali. Mtu akiibandua nikeli baadaye kwa tupa au tindikali, mistari nayo hulika.

Niliyaeleza haya Bariadi nzima: stendi, kwa mafundi wa kuchomelea, kwa mama ntilie aliyenijibu, "Kula ulipe, profesa." Mwenye duka la vitambaa, mkusanyaji wa sarafu, aliitazama picha kwa muda mrefu. "Ilete. Ikiwa ya kweli, mama yako ataezeka bati." Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na ilivuja.

Nilimpigia mama kwamba naifuata niipeleke kwa mtu. Nilipofika Mkula, alinitolea sarafu ndani ya kitambaa safi. Iling'aa. Alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga, kama sufuria za siku ya wageni.

"Kitu cha kupeleka kwa watu hakiendi kichafu, baba."

Niliipeleka hivyo hivyo. Mwenye duka akaweka lenzi jichoni, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mistari imelika, kijana. Nitajuaje sasa kama ni kosa la kiwandani au mkono wa mtu?"

"Ni mama. Aliisafisha tu."

"Kila anayeniletea ana mama."

Nilirudi Mkula nikamfokea mama mbele ya majirani. Nikamweleza vyote, visahani, umeme, ngozi, chapa, na ile mistari iliyokuwa shahidi wetu pekee. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Haya yote ulikuwa unayajua?"

"Ndiyo."

"Na Bariadi ukawaambia?"

"Wote."

"Sarafu ilikuwa kwangu," akasema.