Suruali za Bibi Harusi wa Matrah

Shangazi yangu Masouda alikuwa mdadisi kupita kiasi, na nasema hivi kwa sababu nilimpenda. Alipoingia Matrah, bandari iliyo jirani na Maskati, mwaka 1965, na cherehani yake ya mkono na begi moja, wiki haikwisha alishajua nani kamwoa nani na kwa nini majirani walitia ndimu kavu kwenye mchuzi. Wenyewe walimchoka. Walisema huyu Mzanzibari hata paka akipita atamuuliza anakwenda wapi. Neno Mzanzibari lilimkera sana. Kwao Unguja, alikozaliwa, watu walimwita Mmanga, Mwarabu wa kuja.

Mumewe, Majid, alipata kibarua kambi ya kampuni ya mafuta, akirudi Alhamisi kwa Alhamisi. Kambini hapakuwa na nafasi ya wake, kwa hiyo Masouda alibaki peke yake kwenye chumba cha kupanga. Ukoo wa Majid, watu wa kijiji kilicho nyuma ya milima, wakaleta maneno: mke hakai mjini bila mtu wake, apelekwe kwao. Masouda hakuwa na ugomvi na kijiji. Lakini alikwisha kung'olewa mara moja, Unguja baada ya mapinduzi, na mara ya pili aliiogopa. Aliniambia hivyo bila haya. Majid akamwombea mwezi mmoja. Mkewe akipata Matrah mtu wa kumsimamia, atabaki.

Ndipo Bi Shaikha, jirani mwenye kauli mtaani, alipompa kazi. Binti yake Nasriya alikuwa anaolewa. Ashonewe suruali tatu za harusi. Zikipendeza, Bi Shaikha atamchukua Masouda kama mtu wa nyumbani kwake. Vitambaa vikaletwa pamoja na uzi wa kipimo cha kiuno na urefu. Masouda, aliyeuliza kila kitu duniani, hapo hakuuliza. Aulize nini naye alikuwa anajua? Bibi yake alimfundisha tangu mdogo kwamba suruali ya mwanamke wa Kiarabu ni ya marinda, imejaa mikunjo kifundoni, na ndivyo wavaavyo Maskati. Akashona siku tisa.

Bi Shaikha alizifunua moja moja, akazitandaza mkekani. Pale pa kubana kifundo cha mguu palikuwa pananing'inia marinda kama pazia la dirisha.

"Nani kakwambia sisi tunavaa hivi?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako aliiona Maskati?"

Masouda aliinua suruali moja, akaitazama upya. Bibi yake alizaliwa Unguja na akazikwa Unguja. Vazi waliloliita la Kiarabu miaka yote lilikuwa la Unguja, na nyumba nzima hakuna aliyewahi kuuliza.

Machozi yalimjia, lakini udadisi ukayatangulia. "Basi, mama, nnaomba unionyeshe yako."

Bi Shaikha akacheka, akainua kanzu kidogo. Masouda akapiga magoti mkekani. Mguu wa suruali ulikuwa mwembamba, umebana, umezungushiwa utepe wa nyuzi za fedha. Akauliza nyuzi zinauzwa wapi, utepe unafumwaje, mguu unapitaje pembamba vile. Aliuliza mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Alhamisi Majid akafika na kamba ya kufungia mizigo, maana mwezi ulikwisha. Akamkuta mkewe na suruali mbili zilizoshonwa upya, anashika mkasi kuifumua ya tatu. Bi Shaikha naye akaja kuchukua nguo. Alizigeuza zile mbili, akapitisha kidole kwenye utepe, kisha akamwambia Majid, aliyekwisha kutoka kwa heshima akasimama nje ya mlango, awaambie watu wake kwamba Masouda yuko kwake. Majid akarudisha kamba mfukoni.

 Masouda akainamia suruali ya tatu apate pa kuficha uso, na Bi Shaikha akamshika mkono wenye mkasi. Akamwambia Nasriya kasema hiyo ibaki vilevile.

"Kwa nini?"

"Anataka wanawake wamuulize kashonewa na nani."

"Naye aseme nini?"

"Aseme, Mzanzibari wetu."

Shangazi yangu aliweka mkasi chini. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke Matrah, hakuwa na swali.