Rangi Mbichi kwenye Kanzu ya Mtani

Kosa langu la kwanza Temeke lilikuwa kutouliza maana ya neno mtani. Nililisikia tangu juma lile nililoshuka kutoka kwetu mlimani, na ningeweza kumuuliza mtu yeyote pale uani. Lakini nilikuwa kijana niliyejifundisha mwenyewe kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu Kiswahili chao. Mtu wa namna hiyo haulizi maneno. Nikakaa chumbani, nikatafakari, nikaamua kwamba mtani ni mtu unayemchukia lakini huna budi kuishi naye.

Ushahidi nilikuwa nao kila siku. Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa mzee mmoja Mnyamwezi, Mkristo, aliyebeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamkatalia. Kila asubuhi alijiwa na mtu aliyemwita mtani wake, Mzaramo mmoja, Mwislamu, msuka makuti, mwenye kanzu nyeupe aliyoitunza kuliko nyumba yake.

"Hodi kwa mtumwa wangu!" Mzaramo alikuwa akipiga kelele tangu barazani. "Bado hujafa tu?"

"Nife nani akulishe? Pita, mvivu wewe. Minazi ya babako imeanguka yote ukiwa umelala."

"Nyie hata minazi hamna. Huko kwenu mnaunga mchuzi kwa nini, kwa mate?"

Kisha walikaa kwenye mkeka mmoja wakanywa chai kwa kikombe kimoja, kwa kuwa cha pili kilikuwa kimevunjika. Ile chai ilinisumbua. Nikaihesabu kuwa ni ujanja wa kila mmoja kumchunguza mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa kuchora vibao vya maduka, na alasiri mzee alipenda kuketi karibu nikichora. Ndipo nilipomweleza nadharia yangu, kwamba dini ndiyo chanzo cha ugomvi wote wa wanadamu, na kwamba yeye na yule Mzaramo ni mfano mzuri. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Sasa mwanangu," akasema, "tuseme leo dini zote zimeondoka, zimepanda meli zimekwenda. Hawa wanawake wa hapa uani kesho watagombania nini?"

"Hakutakuwa na kitu cha kugombania, mzee."

"Ile kamba ya kuanikia nguo je?"

Nikamwambia kamba si hoja. Akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho marefu, kwa sababu kifua kile kile ndicho kilichomchukua, wakati wa masika.

Mkewe, mama mfupi aliyejifunga kaniki, alikuja mlangoni kwangu asubuhi ile macho yamevimba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Mchoree baba yako msalaba. Jina lake tu, basi. Lakini azikwe mapema, kabla ya mvua. Makaburi ya huku yanajaa maji. Sitaki mume wangu azamishwe. Nataka azikwe."

Niliahidi. Nikaupaka msalaba rangi nyeupe, ukakauka vizuri kwenye jua. Nikachora jina kwa rangi nyeusi. Herufi ya tatu ililala kidogo upande wa kushoto. Hakuna mtu ambaye angeiona. Mimi niliiona. Nikafuta yote kwa mafuta ya taa, nikaanza upya. Safari hii jina lilikaa sawa ila lilikuwa limesogea upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Nikafuta tena. Nje niliwasikia watu wakijikohoza. Jeneza lilikuwa tayari barazani. Mjane alipitisha kichwa mlangoni, akatazama mbingu, kisha akanitazama mimi. Nilipotoka na msalaba rangi ikiwa bado mbichi, wingu jeusi lilikuwa limeshapanda upande wa Kigamboni.

Makaburi yalikuwa chini ya mikorosho. Tulipofika tukakuta kaburi lina mtu. Mzaramo alikuwa amelala chali mle ndani katika kanzu yake nyeupe, juu ya jamvi, mikono kifuani, macho amefumba.

"Limejaa hili," akasema. "Mtafutieni mtumwa wangu shimo la panya. Tena kafa bila ruhusa yangu."

Watu wakajishika midomo. Nilidhani ni kwa mshtuko. Katekista, Mngoni mmoja mnene, akafunga kitabu chake huku kidole kimebaki kwenye ukurasa, akatulia kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Nikaona hata kanisa limeshindwa. Nikaona nadharia yangu imelala pale chini, imevaa kanzu. Na nikajiona mimi, mwenye elimu ya magazeti, kuwa ndimi peke yangu niwezaye kuleta amani.

Nikasogea ukingoni. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Pisha mwanga."

"Ndugu yetu Mwislamu," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "sisi Wakristo hatutalipiza uchokozi huu wa kidini. Tunakuomba utoke kwa amani."

Akafumbua jicho moja. "Kidini? Nani kataja dini hapa?"

Kumwonyesha nia yangu njema, nikamnyooshea kitu cha kushikia ili atoke. Kitu nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa ule msalaba.

Nataka kusema nilikuwa sijafikiri, lakini nilikuwa nimefikiri sana. Nilikuwa nafikiri nisiguse zile herufi. Udongo wa ukingoni ukameguka, nikateleza, na msalaba ukashuka moja kwa moja juu ya kifua cha mzee yule. Nilipouinua, jina la marehemu lilikuwa limehamia kwenye kanzu, jeusi, kubwa, limegeuka nyuma mbele, ila limenyooka kuliko nilivyowahi kuchora maishani mwangu.

"Kambatiza!" mtu mmoja upande wa pili akapiga ukelele. "Kambatiza mzee wa watu kaburini!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jirani yetu, fundi baiskeli, Mkristo, akajitokeza mbele. "Acheni abatizwe! Hawa Waislamu wametudharau tangu asubuhi!"

"Nani kakudharau?" akauliza Mzaramo kutoka chini.

"Wewe! Ulichukua jembe langu zuri bila kuniomba!"

"Nikachimbie nini kaburi, kijiko? Si lile pale kwenye mkorosho!"

"Tena limepinda!"

"Jembe la Mkristo limepinda," akasema msusi wa vikapu mmoja, Mwislamu, aliyekuwa nyuma, na ndugu zake wakacheka, na fundi baiskeli akavua koti.

Watu wakaanza kujigawa, Waislamu upande huu wa kaburi, Wakristo upande ule. Haikuwa kazi rahisi. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, walikuwa wamekuja na mwavuli mmoja, wakawa hawajui ubaki na nani. Bibi mmoja alivuka, akarudi, akavuka tena, akalalamika kwamba upande wa dini yake hauna kivuli. Mtu akapendekeza aitwe askari wa serikali aje aamue kaburi ni la nani, mwingine akasema askari mwenyewe ni Mwislamu, mwingine akasema ndiyo, lakini bosi wake Mwingereza. Na muda wote Mzaramo amebaki mle chini, kwa sababu sasa akitoka ingeonekana amefukuzwa. Nami nilikuwa nimeshika msalaba juu ili herufi zilizobaki zisiguswe, na baadaye niliambiwa kwamba nilionekana kama kiongozi wa upande wangu.

Matone ya kwanza yakaanguka. Moja likalia juu ya jeneza.

Mjane alikuwa amekaa chini kando ya mumewe. Akasimama, akapita katikati ya fundi baiskeli na msusi wa vikapu kama anapita kati ya mbuzi, akafika ukingoni, akashika kiuno.

"Wewe Mzaramo!"

Wote wakamgeukia.

"Maisha yako yote hujafanya kazi, leo umepata pa kulala bure. Haya, kaa humo humo. Tutamshusha juu yako. Huko mwendako wewe ndiye utakayebeba magunia, yeye atakaa kivulini akutukane."

Mzaramo akamtazama. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Mto je?" akauliza.

"Mto ni jiwe, kama kwenu."

"Basi nipeni ugoro, nitoke. Mtu kafa na ugoro wangu mfukoni."

Mama akafungua pindo la kaniki, akatoa kikopo kidogo cha bati, akamrushia. Alikuwa amekuja nacho tangu nyumbani! Hapo watu wakaangua kicheko, pande zote mbili, na kwa kucheka wakachanganyika tena. Fundi baiskeli ndiye aliyempa Mzaramo mkono kumtoa, ingawa alipomvuta alimwambia, "Lakini lile jembe utalinyoosha." Katekista akafungua kitabu pale pale kidole kilipokuwa.

Tulizika mvua ikinyesha, na maji hayakuwahi kuingia. Jina kwenye msalaba lilikuwa limebaki kama kivuli. Nikamwambia mjane nitaurudisha nyumbani niuchore upya.

"Uchomeke hapo hapo," akasema. "Umeshamchelewesha vya kutosha."

Nikauchomeka. Tulipoanza kuondoka nikageuka kuutazama kama umesimama wima, na nikamwona Mzaramo amebaki peke yake kwenye mkorosho, ameegemea lile jembe, analia kwa sauti, na jina la rafiki yake limegeuka kifuani pake.

Asubuhi ya pili alikuja uani kama kawaida, na kanzu ile ile. Nikamwomba nimfulie kwa mafuta ya taa. Akakataa. Akaketi kwenye mkeka wa marehemu, mjane akamletea chai. Ndipo nilipomuuliza, miezi mingi nimechelewa, "Mzee, mtani ni nini?"

Akamgeukia mama. "Mama weee, huyu mtoto wa mlimani aliyetaka kutuanzishia vita, kumbe neno lenyewe halijui!" Wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika. Kisha akanieleza, taratibu, kwamba kabila lake na la marehemu ni watani tangu mababu. Kwamba mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, na ndiye anayeruhusiwa kukutukana hadi ndani yake, asitoke mpaka apewe kitu. Na kwamba asipofanya hivyo ndugu wa marehemu wanasononeka, wakiona mtu wao hakupendwa.

Sasa siendi tena kuwaambia watu kwamba dini ndiyo inayowagombanisha. Wala sisemi kwamba ni majembe na kamba za nguo. Nikiulizwa nasema sijui, na neno hilo zamani lilikuwa halinitoki. Na nikisikia watu wanatukanana, kwanza nauliza kama ni watani.