Baba Alipopanda Mbuzi

Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, redio ya chumbani kwetu Ngamiani ilifunguliwa mpaka mwisho. Taarabu ilijaa chumba, ikapita ukumbini mbele ya milango ya wapangaji wengine, ikatokea uani kwenye majiko ya mkaa. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na niliamini kwamba Baba ameanza kupenda muziki. Lakini chini ya fidla na ngoma kulikuwa na sauti nyingine, ndogo na kavu: kwaru, kwaru, kwaru, inasita, halafu kwaru tena. Nilikuwa nikiisikia kwa mbali ninapokaribia nyumbani kutoka chuoni kusoma Kurani, na nikifika tu inanyamaza. Ni sauti ambayo mtoto yeyote wa pwani huijua kabla hajajua kusema. Kilichonishinda ni kumjua anayeitoa, kwa sababu Mama alikuwa kitandani na amekatazwa hata kunyanyua ndoo.

Siku moja mwalimu wetu alipata udhuru, tukaachiwa mapema. Nilisukuma mlango bila kubisha, nikaganda pale pale na mkoba wangu ukaniponyoka. Baba, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa ukimya wake, alikuwa amepanda mbuzi. Suruali ameikunja magotini, fulana imelowa jasho, mikono yake yenye madoa ya grisi imeshika kifuu cha nazi, na chini ya yale meno ya chuma kulikuwa na sinia limejaa nazi nyeupe, laini kama pamba. Tulitazamana. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi.

"Funga mlango," alisema. "Muziki unatoka nje."

Kitandani, Mama alikuwa ameuficha uso kwenye mto, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye tui la pakiti, nieleze. Mbuzi ninayemsema hana pembe wala halii. Ni kibao kifupi cha kukunjwa, chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Unakikalia kama mtu aliyepanda mnyama, unaipasua nazi vipande viwili na kuvikuna kimoja kimoja. Wanaume wa mtaa wetu walichinja mbuzi wa kweli kila penye shughuli. Walisimama juu ya masufuria makubwa ya pilau harusini, wakikoroga kwa miti, na hakuna aliyewacheka. Lakini kukikalia hicho kibao kidogo nyumbani kwako, kwa ajili ya mchuzi wa watu watatu, hilo lilikuwa jambo jingine. Sikuwahi kumwona mwanamume akifanya hivyo. Nilikuwa sijui hata kwamba inawezekana.

Sababu niliielewa kidogo kidogo. Mama alikuwa mjamzito, na kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hospitalini aliambiwa alale mpaka mwezi wake ufike: asifue, asichote maji, asiinamie jiko. Ndugu zake walikuwa Pemba, ng'ambo ya bahari. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa mbali, kijijini Ushongo, akimuuguza mkwe wake asiyejiweza. Mimi nilijaribu kukuna siku ya kwanza, yale meno yakanichana kiganja, na alama yake ninayo hadi leo. Baba aliufunga mkono wangu kwa kitambaa, akakitazama kile kibao kwa muda, na kesho yake, mimi nikiwa chuoni, akaufunga mlango na kuifungua redio.

Tangu siku niliyomfumania nilikuwa mshirika wa siri, na hapo ndipo raha ilipoanza. Kazi yangu ilikuwa kukinga bakuli nazi inapopasuliwa, na ujira wangu ulikuwa maji yake, yenye chumvi kwa mbali. Mama alitufundisha akiwa amelala, nyuma ya pazia la kitanda, kwa masikio tu. Aliposikia Baba anakwaruza kwa nguvu, alisema, "Baba Zena, umefika kwenye ganda. Utatulisha vifuu." Kweli, tukitazama siniani, vipande vya kahawia vimeanza kuchanganyika na vyeupe. Baba aligeuza kifuu polepole, kama anavyozungusha gurudumu kutafuta palipotoboka, na nazi ikatoka nyeupe tena. Nilianza kumwona kama mtu mpya. Mikono niliyoizoea ikinuka solusheni ya kuzibia pancha sasa ilinuka nazi, na aliponishika kichwa usiku kabla sijalala nilikuwa naivuta ile harufu nikiwa nimefumba macho.

Kosa lake kubwa alilifanya kwenye samaki. Alilikamua tui la kwanza, lile zito, akaliona lilivyo zuri, akalimimina lote sufuriani, kwenye jiko dogo tulilokuwa nalo chumbani, mwanzoni kabisa. Kisha akaondoka kwenda kuongea na mteja mlangoni. Aliporudi, mchuzi ulikuwa umegawanyika: maji huku, mafuta kule, na vijidonge vyeupe vinaelea katikati.

"Mama Zena," aliita kwa sauti ya mtu aliyevunja kitu cha watu, "hili tui limefanya nini?"

"Limekatika," Mama alijibu nyuma ya pazia. "Tui jepesi ndilo linaloanza, ndilo la kuivishia. Zito linaingia mwisho, na likishaingia huondoki, unakoroga mpaka lichemke. Tui halipendi kuachwa."

Baba alisimama na upawa mkononi, ameduwaa. Alikuwa amekula mchuzi huo maisha yake yote. "Kumbe siku zote ulikuwa unasimama hapo unakoroga?" aliuliza. Tulimla yule samaki hivyo hivyo, kwenye mkeka kando ya kitanda, tukigombea ukoko wa wali, na sikumbuki chakula kitamu kuliko kile. Kesho yake alikoroga bila kupepesa macho, mimi nikihesabu mapovu, na mchuzi ulipotulia mzima, mweupe unaong'aa, alimpelekea Mama sufuria nzima kitandani aione kama anayempelekea mtoto aliyezaliwa.

Redio iliificha sauti, lakini haikuweza kuificha harufu. Uani tulikuwa na jirani mmoja, Bi Mwanaidi, mwenye moyo mwema na ulimi usiolala. Jioni moja tulimsikia kupitia ukutani. "Mume anakuna nazi, anafua kanga, anamwaga beseni! Hilo limbwata la Kipemba hilo, halina dawa!" Wenzake wakaangua kicheko. Limbwata, kwa asiyelijua, ni dawa ambayo watu husema mwanamke humlisha mumewe ili akimwambia kaa, akae. Nilimgeukia Mama nicheke naye. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama dari.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka chuoni, na nilipoingia ukumbini niliisikia kwaru, kwaru, safi kabisa, bila redio. Nikakimbia kwa furaha. Nilifikiri Mama amepona. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi, amejikunja, mikono miwili imeshika ubavu wa kitanda, uso umelowa. Nazi ilikuwa imeviringika mpaka mlangoni. Kanga yake ilikuwa na damu.

"Kamwite baba yako," alisema. "Usipige kelele."

Nilipiga kelele. Bi Mwanaidi ndiye aliyefika wa kwanza, akamshika Mama kwa nyuma na kumlaza polepole, huku akisema, "Jamani Mama Zena, jamani, kwa nini?" Mama akamjibu kwa sauti ndogo, "Nisije nikasemwa tena kwamba nimemroga mume." Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika kama wa Bi Mwanaidi dakika ile. Mimi nikatoka mbio kwenda kwenye banda la Baba. Hakuuliza neno la pili. Alinipakia mbele kwenye baiskeli ya mteja, iliyokuwa haina kiti, akaendesha amesimama barabara nzima, na watu wakatupisha njia kwa jinsi alivyokuwa ameukaza uso.

Mama alikaa hospitali siku nyingi. Bi Mwanaidi alipika, aliosha, alinisuka nywele, na kwa mara ya kwanza uani palikuwa kimya. Hatimaye Mama alirudi, kwa teksi, amekonda, lakini mtoto bado yumo. Alasiri ya siku hiyo nilimwona Baba akiikunja vizuri suruali yake, nikanyoosha mkono kufungua redio kama kawaida. Akaushika mkono wangu. Akakichukua kile kibao, sinia na nazi zake, akatoka navyo. Alipita ukumbini, akafika uani, akakitua katikati ya majiko, mbele ya wanawake wote, akakipanda.

Bi Mwanaidi aliacha mwiko hewani. Mwishowe mmoja wao akajikaza: "Shemeji, leo umepanda mbuzi hadharani?"

"Nimepanda," Baba alisema bila kuinua macho. "Na sishuki mpaka mtoto azaliwe."

Kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa sauti kubwa kuliko taarabu yote niliyowahi kuisikia. Halafu Bi Mwanaidi akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na nazi nzima na kuibwaga siniani. "Basi na yangu unikunie," alisema, macho yamelowa. "Na hilo limbwata mnigawie kidogo nikamlishe wangu, huyo hata glasi ya maji hajui inakaa wapi." Uani kote kukalipuka kicheko. Nilimsikia na Mama akicheka, kule ndani, nyuma ya pazia lake.

Mtoto alizaliwa salama. Ni msichana, wakamwita Rehema.

Rehema leo ni mtu mzima, ana nyumba yake Usagara, na wazee wetu wote wawili anaishi nao. Jikoni kwake kuna jokofu, jiko la gesi na mashine inayosaga nazi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Namfurahia. Mama yetu angekuwa na vitu hivyo wakati ule, asingemwaga damu kwa ajili ya mchuzi, na sitamdanganya mtu kwamba shida ile ilikuwa nzuri. Kilichokuwa kizuri ni namna tulivyokuwa karibu, chumba kimoja, sufuria moja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anapumuaje. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyumba inaweza kukupa raha hata siku ambazo imejaa hofu.

Mwezi uliopita Rehema alikuwa anawasubiri wakwe zake. Nilikwenda kumsaidia. Nilipoingia jikoni nilimkuta Baba, mvi tupu, amekaa juu ya kile kibao cha zamani, anakuna. Alisema tui la mashine halina harufu. Rehema alikuwa amesimama mbele yake, amefadhaika.

"Baba, shuka basi. Wageni wako njiani, watatuonaje? Mzee mzima umepanda mbuzi!" Baba akaendelea. Rehema akavuta pumzi. "Basi ngoja angalau nikaongeze redio, wasisikie."

Nilishtuka mpaka nikashika ukuta. Baba naye alisimamisha mkono. Alimtazama binti yake, halafu akanitazama mimi, na mabega yakaanza kumtikisika kama yalivyomtikisika Mama siku ile.

"Zena," aliniambia, "nilisema sishuki mpaka mtoto azaliwe. Kazaliwa, na ndiye huyu ananishusha."

"Tui jepesi kwanza!" Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini anasikia kila kitu, aliita kutoka chumbani.

Rehema alitutazama kwa zamu, haelewi. Ndipo nikagundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nikamwambia pale pale, tumesimama kando ya jiko: redio, pazia, kanga, baiskeli isiyo na kiti, uani. Alimtazama Baba, akaitazama mikono yake. Nje geti liligongwa, na sauti za wakwe zikaanza kupiga hodi.

Rehema akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda sebuleni, akazima redio, kisha akawafungulia.