Mstari Pungufu

Ijumaa ni siku yangu ya kupumzika. Mimi ni sekyuriti huku kwa Waarabu, kwenye jengo moja kule Lusail, ila chumba chetu kiko Najma, juu ya duka la fundi simu. Tunaishi sita, Wakenya wanne na Waganda wawili. Ijumaa hiyo nilifua yunifomu, nikaianika juu ya paa, nikateleka maharagwe. Okello, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, alilalamika kwamba maharagwe ya Mkenya hayaivi mpaka yaombewe.

Jioni ikasikika mishindo ya makombora angani. Madirisha yakatetemeka. Wenzangu walikimbilia juu ya paa na simu zao, na Okello aliporudi kuniita alinikuta nimechutama kando ya kitanda, mikono kichwani, uso ukutani.

“Bwana wee, ndiyo unajificha hivyo?”

“Sijifichi. Nangoja kuhesabiwa.”

Alicheka, kisha akaacha. Hapa kwetu hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo ananiuliza, na nikianza kumweleza kwa mdomo naharibu, naruka mambo. Kwa hiyo naandika. Sikusoma sana, na miaka imepita. Palipo na shaka nitasema pana shaka.

Nilikuwa utingo wa lori. Dereva wangu aliitwa Mwachiro, mtu wa Kaloleni, mkubwa kwangu kwa umri, na ndiye aliyenitoa kwenye kubeba magunia akanipa kazi ya kukaa mbele. Tulipeleka sabuni na mafuta ya kupikia mashariki ya Kongo. Vita vilikuwepo huko, ila tulizoea kuambiwa viko mji unaofuata. Asubuhi ya kukamatwa tulikuwa tunashusha mizigo, Mwachiro akimtania mama muuza chai kwamba chai yake ina maji mengi kuliko ziwa.

Wanajeshi wakaja. Waasi walikuwa wamekaribia, na kila lori la kigeni lilishukiwa kuwapelekea dizeli. Sisi tulikuwa na pipa la dizeli la akiba. Ilikuwa ya safari ya kurudi, lakini kusema kweli, ningekuwa wao nami ningeuliza. Wakatupeleka gerezani.

Gereza lilijengwa na Wabelgiji. Kuta nene, ua mmoja mkubwa, na lango la chuma lenye kilango kidogo cha kupita mtu mmoja akiinama. Katikati ya ua palisimama mti wa kufungia watu wa kuchapwa. Sikuwahi kuona mtu akifungwa pale. Lakini kila mwezi ulipakwa chokaa upya, na kitu kisichongoja mtu hakipakwi chokaa.

Kipande cha reli kilining'inizwa ukutani. Kikigongwa, wote tunachutama kwa mistari ya watu watano, mikono kichwani, kimya. Mtu wa mwisho wa kila mstari hupaza sauti: “Kamili!” Mtu akikosekana husema: “Pungufu!” Hapo hakuna kuinuka mpaka apatikane. Ukidanganya, au mmoja wenu akikosea, watano wote hawapati uji. Ndiyo maana hatukuogopa askari sana. Tuliogopana.

Aliyetufundisha haya ni Kapita, yaani mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake. Aliitwa Byamungu. Alikuwa mrefu, na alifungwa kwa kuvunja duka, alivyosema mwenyewe.

“Wee Kenya,” aliniambia siku ya kwanza, “hapa hatuulizake. Hapa tunachutamaka.”

“Sheria ya nani hii?”

“Ya Babeleji. Babeleji balishaendaka kwao, sheria ndiyo ilikosa tiketi.”

Watu walicheka bila kutoa sauti. Nilijifunza hilo pia, kucheka kwa mabega.

Sitamfanya Kapita malaika. Alipiga watu. Lakini Mwachiro aliposhikwa na homa, Kapita alimpa kopo lake la maji na kumruhusu asifagie ua. Juu ya Kapita alikuwapo Shefu Kasereka, askari mzee aliyeshika funguo, ambaye hata baba yake alikuwa askari mle mle enzi za Wabelgiji. Hakuwa mkali wa maneno. Alitembea kati ya mistari taratibu, akigusa kila kichwa kwa kidole kimoja, na kidole hicho kilikuwa baridi.

Mizinga ilianza kusikika mbali. Kila siku ilisogea kidogo. Uji ukawa mwepesi. Askari wakapungua, na asubuhi moja tulikuta yunifomu zao zimetupwa kisimani. Shefu Kasereka peke yake ndiye aliyebaki, amefunga vifungo vyote. Angeweza kwenda zake na funguo mfukoni. Hakwenda. Hilo nataka lijulikane kabla ya mengine.

Mchana huo kombora lilianguka nyuma ya jiko. Ukuta ukapasuka, vumbi likatufunika.

Reli ikagongwa.

Tukachutama. Sijui nilitegemea nini. Lango lilikuwa pale, Shefu alikuwa na ufunguo mkononi, na watu zaidi ya mia tukapanga mistari kama siku ya kawaida.

“Leo munatoka wote,” Shefu akasema. “Kwa mistari. Hesabu itimie, nifungue.”

Kapita alisimama mbele, karibu na lango. Sauti zikaanza. Kamili. Kamili. Kamili.

Mstari wangu ulikuwa wa mwisho kabisa, na mimi ndiye wa mwisho wake. Pembeni yangu palikuwa wazi. Mwachiro hakuwepo.

Kombora lingine, karibu zaidi.

Kapita alikuja kwa kukimbia nusu, ameinama. Aliona pengo. Akachutama mbele yangu.

“Kenya. Sema kamili.”

“Mwachiro je?”

“Sema kamili, kaka. Batu bote hawa.” Nilisikia pumzi yake. Hakunitisha. Aliniomba.

Nataka niwe mwaminifu hapa. Sikuwaza haki. Sikuwaza wale mia. Niliwaza lango likifunguliwa, mimi nikitoka, na Mwachiro akibaki ndani amelala mahali nisipopajua.

Nikasema, “Pungufu!”

Watu waliguna. Mmoja alinitukania mama yangu. Lakini hakuna aliyeinuka. Mpaka leo sijaelewa kwa nini hatukuinuka. Mlinzi alikuwa mmoja, na mzee.

Shefu akatuma watu wawili watafute. Kapita akarudi mbele, mahali pake.

Tukangoja.

Walimkuta nyuma ya mapipa ya maji, alikojikokota kutafuta ubaridi. Walimleta wamemshika mikono na miguu, wakamlaza kwenye pengo lake. Nikainua uso.

“Kamili!”

Shefu aliingiza ufunguo.

Kombora likaanguka mbele.

Sikusikia kitu kwa muda. Niliona Shefu amesimama, damu ikimtoka sikioni, bado anazungusha ufunguo. Mstari wa kwanza haukuwepo. Kapita hakuwepo.

Tulitoka kwa mistari, tukiinama, mmoja mmoja. Hakuna aliyekanyagwa. Nilimbeba Mwachiro mgongoni. Nilipotazama nyuma, Shefu alikuwa bado anagusa kila kichwa kinachopita.

Sikumwona tena. Nimesikia kwamba alikufa, nimesikia pia kwamba yuko kwa mwanawe analima viazi. Sina hakika na lolote.

Kuna wanaosema sheria ile iliua watu. Ni kweli. Lango lingefunguliwa mapema, mstari wa kwanza ungekuwa barabarani. Lakini barabarani nako tulipita juu ya waliokufa. Na kwenye kilango kile chembamba, watu mia wangesukumana vipi? Mwachiro anasema niliokoa maisha yake, huwasimulia watoto wake hivyo, na mimi humwachia. Sijawahi kumwambia Kapita aliniomba nini. Nimejaribu kupima pande zote mbili kwa haki, na kila nikipima mizani inaegemea upande ninaokaa mimi. Kwa hiyo siamini kipimo changu.

Kesho yake tulikuwa tumejihifadhi kanisani pamoja na wakimbizi. Mwanamke mmoja alikuwa akizunguka, akiulizia waliotoka gerezani. Wakamleta kwangu. Alikuwa mke wa Byamungu, Kapita wetu. Alishaambiwa kuhusu mumewe.

“Banasema lango lilikuwa karibu kufunguliwa,” akasema. “Mulikuwa munangoja nini?”

Ningeweza kusema hesabu. Ningeweza kusema Shefu.

“Mtu mmoja,” nikasema.

“Alipatikana?”

“Alipatikana, mama.”

Macho yake yakashuka kwa Mwachiro, aliyelala mkekani, midomo imepasuka kwa homa.

“Ni huyu?”

“Ni huyu.”

Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni akitafuta kasoro. Mwachiro alikuwa amesinzia, hakujua anatazamwa. Kisha yule mama akavuta shuka, akamfunika miguu iliyokuwa nje.

“Basi mumtunze,” akasema, akaondoka.

Sijui kama alitupa radhi au alituachia hukumu.