Saa Ilisema Bado Nina Nguvu

Mvua zilipoanza, binti yangu alikuja kutoka Shinyanga mjini akanivalisha saa mkononi. Siyo ya kutazamia majira. Hiyo inasikiliza moyo, halafu inampelekea habari kwenye simu yake hukohuko kazini.

"Mayu, mama yangu, ikiwa nyekundu, jembe basi. Shamba tunakodisha, unahamia kwangu."

"Nikafanye nini kwako? Nitazame televisheni mpaka nife?"

"Utazame, ndiyo. Wenzako wanaitamani."

Sikuitaka saa yake. Sisi wa rika langu tulilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na tulijipima kwa wimbo. Mmoja anatoa, wengine tunaitikia, majembe yanashuka pamoja. Ukiweza kuitikia, lima. Sauti ikikatika wanakucheka, "Nenda kamenye viazi wewe!" Unakwenda kukaa, yameisha. Majina yao wote ninayo kichwani, na ya watoto wao, lakini siyaandiki. Wengi tumeshawazika.

Basi nikawa nalima na saa yangu, kijani kila siku. Binti akipiga simu anacheka: "Mayu, moyo kama wa msichana wa shule!" Nami nikaanza kuipenda, maana ilikuwa inanitetea shamba langu.

Juzi nilikuwa napandisha matuta ya viazi. Nikatoa wimbo, nikauitikia mwenyewe, kama nilivyozoea tangu nibaki peke yangu. Mstari wa pili haukutoka. Nikajaribu tena. Kifua kimebana, miguu kama si yangu. Nikatazama mkono: kijani. Nikaketi juu ya tuta mpaka jirani akanikuta, akaniitia bodaboda.

Pale zahanati nesi alinieleza kuwa dawa zangu za presha zinautuliza moyo. Mwili unaweza kuwa umeisha kabisa, saa ikaona mtu amepumzika.

Jioni simu ikalia.

"Mayu, leo umefanya vizuri! Nimeona hapa."

Ningeweza kunyamaza. Saa ilikuwa upande wangu.

"Sijafanya vizuri, mwanangu. Wimbo umekatika."

Alilelewa mgongoni mwangu kwenye zamu zilezile, hakuhitaji kuelezwa.

"Umekatika wapi?"

"Mstari wa pili."

"Nakuja Jumamosi."

"Njoo. Na mtu wa kukodi shamba mtafute, uje naye. Ila tuta la hapa mlangoni msiliguse."